Aya Ambazo Mumina Aliziruka

Kila alfajiri, muadhini alipomaliza kuita, Mumina alikuwa tayari ameshika kamba ya ndama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kumzuia ndama pembeni ili Shangazi Barwako akamue kwa utulivu. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, mwekundu, jina lake Dima. Shangazi alichuchumaa, akampapasa Dima ubavuni huku akimnong'oneza kwa Kiorma, na maziwa yakaanza kulia ndani ya sufuria.

Mumina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma Gredi ya Sita. Baba yake, Huka, na mama yake walikuwa na mifugo huko Ndera. Yeye alikaa kwa shangazi yake mjini Garsen ili asome. Shangazi mwenyewe hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Utoto wake wote aliutembea nyuma ya ndama. Kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumba ile, iwe ya kliniki au ya shule, ilisomwa na Mumina.

"Huyu ndiye macho yangu," Shangazi aliwaambia wanawake wenzake sokoni. "Mimi nina haya mawili ya kuonea njia. Ya kuonea karatasi ni haya."

Mumina alipenda sana kusikia hivyo. Pengine alipenda kupita kiasi.

Mambo yalianza kliniki. Tangu ahamie mjini, Shangazi alikuwa akiuza maziwa sokoni, ameketi juu ya kiti cha plastiki tangu asubuhi hadi adhuhuri. Siku moja nesi alimpima, akamwambia sukari yake imepanda. Apunguze sukari kwenye chai, na kila siku atembee.

Shangazi alirudi nyumbani amekunja uso. "Leo mimi nafundishwa kutembea. Mimi niliyetoka Ndera mpaka hapa kwa miguu, mtoto mgongoni na kuni kichwani."

Wiki hiyo hiyo, Mwaringa alifungua jimu kando ya barabara ya Malindi. Mwaringa alikuwa baba yake Kadii, na Kadii alikuwa rafiki wa Mumina. Waliketi dawati moja tangu Gredi ya Kwanza. Jimu yenyewe ilikuwa chumba cha mabati, chenye vyuma vya kunyanyua, kioo kipana ukutani, na mashine moja ya kutembea yenye mkanda unaozunguka.

"Saa nane hadi saa kumi mchana ni za wanawake peke yao," Mwaringa alimwambia Shangazi. "Pazia linafungwa, mwanamume haingii. Na pesa usijali, Mama. Vijana wangu wakimaliza kupiga chuma asubuhi wanataka maziwa. Niletee lita mbili kila siku, tumemalizana."

Shangazi aliona ni maneno mazuri. Jumamosi alimchukua Mumina, wakaenda kutia sahihi.

Karatasi ilikuwa na kurasa tatu, zote kwa Kiingereza. Mwaringa alisimama kando na kibweta cha wino, na Mumina akawa anasoma, kisha anamweleza shangazi yake kwa Kiorma. Mwaringa, ambaye ni Mgiriama, hakuelewa Kiorma hata neno. Yeye alikuwa akitikisa kichwa tu, kama mtu anayekubaliana na mvua.

Aya ya kwanza Mumina aliisoma vizuri. Ya pili, ya tatu na ya nne pia. Alipofika ya tano alikutana na maneno marefu kama msururu wa ng'ombe wanaokwenda mtoni, na hakulijua hata moja. Nje, honi ya lori ililia. Timu ya netiboli ilikuwa inakwenda kucheza Kulesa, na Mumina ndiye aliyekuwa mfungaji.

"Mumina, tunaachwa," Kadii alimwita kutoka mlangoni.

Mumina aliinua macho. Kidole gumba cha Shangazi kilikuwa kimekwisha kupakwa wino, kinangoja hewani. Wanawake wawili waliokuja kutazama jimu walikuwa wanamtazama yeye. Atasemaje kwamba hajui? Macho ya Shangazi hayajui?

"Hapa wanasema," alijibu kwa Kiorma, "ukichoka, unaacha."

"Na huku kwingine?"

"Ni hayo hayo tu."

Kidole gumba kilishuka juu ya karatasi. Mumina alikimbilia lori, akafunga mabao tisa, na jioni alikuwa amekwisha kusahau.

Siku ya kwanza, Shangazi alipanda mashine na buibui lake, akashikilia vyuma vya pembeni kama mtu aliye juu ya ngamia. Alipotoka alimkuta jirani yake wa sokoni, Mama Florence, anayeuza mchicha.

"Nimetembea nusu saa, Florence, jasho limenitoka, na sikufika hata kwenye meza yako ya mchicha."

Wakacheka. Lakini kicheko hakikudumu. Wiki ya tatu pazia lilichanika, na kile kioo kipana kikawa kinamwonyesha aliye ndani kwa kila aliyeketi nje. Vijana walianza kuja mapema, saa tisa, wakakaa mlangoni na simu zao. Shangazi akalalamika, Mwaringa akaahidi pazia jingine. Halafu mkanda wa mashine ukakatika. Mwaringa alisema ameagiza mwingine Mombasa. Wiki ikapita, ikapita ya pili, ikaingia ya tatu. Mashine ilisimama pale kama punda aliyegoma, na kila alfajiri Mumina aliendelea kupeleka kidumu cha lita mbili.

Kisha kiangazi kikashika. Nyasi ziliisha mpaka kandokando ya barabara. Dima, aliyekuwa akitoa lita tano, sasa alitoa tatu. Mbili zilikwenda jimu. Iliyobaki ilikuwa ya kuuza, na nyumbani wakanywa chai ya rangi. Mbavu za Dima zilianza kuonekana moja moja.

Ndipo Baba Huka alipopiga simu. Ng'ombe wote walikuwa wanashuka kwenye malisho ya delta, na wangepita Garsen siku ya Alhamisi.

"Dima aje nasi, dada," alisema. "Akibaki huko mjini utamzika."

Jioni ile Shangazi alimchukua Mumina, wakamwendea Mwaringa.

"Mwanangu Mwaringa, nimechoka," alisema bila kuzunguka. "Ng'ombe wangu anahama. Naacha."

Mwaringa alishangaa. "Mama, huwezi kuacha. Ni miezi kumi na miwili, na hata miwili haijaisha. Iko kwenye karatasi."

"Karatasi ilisema ukichoka unaacha. Mtoto huyu alinisomea, na wewe ulisimama pale pale ukitikisa kichwa."

"Basi mtoto wako alisoma karatasi nyingine."

Shangazi alimvuta Mumina akamweka mbele yake, mikono yote miwili mabegani. "Huyu hajawahi kunidanganya tangu azaliwe. Anayedanganya hapa ni mmoja, na ana jimu."

Mumina alitaka kusema. Mikono ya Shangazi mabegani mwake ilikuwa mizito kama mawe ya kusagia.

Usiku ule hakuweza kula. Kesho yake, Shangazi alipokwenda sokoni, Mumina alifungua sanduku la bati, akaitoa karatasi chini ya khanga. Kamusi alikuwa nayo nyumbani, aliyoiazima shuleni wiki ile. Alilifukua neno moja moja, na kila neno lilimzamisha zaidi. Aya ya tano ilisema hivi: mteja amejifunga kwa miezi kumi na miwili, na hawezi kuacha eti kwa sababu amechoka.

Eti kwa sababu amechoka. Alikuwa amesema kinyume kabisa cha yaliyoandikwa.

Aliikunja karatasi haraka, akairudisha chini ya khanga, akafunga sanduku. Hakutazama aya ya sita. Aliogopa kwamba kila iliyofuata ingekuwa mbaya kuliko iliyotangulia.

Kuanzia hapo Mumina aliishi kama yule ndama wake: kamba fupi, kigingi kigumu, na kila akivuta shingo ndiyo inayoumia. Akisema ukweli, Shangazi atajua kwamba macho yake ni ya uongo. Asiposema, baba yake Kadii ataendelea kuitwa mwongo, na Dima bado amefungwa.

Na maneno yakaota miguu. Shangazi alisema sokoni kwamba Mwaringa ni mwizi. Wauza maziwa wakaacha kumwuzia. Mmoja wao, akijua Wagiriama ni watu wa mashamba, akasema, "Hawa wakulima ndivyo walivyo." Upande wa mboga wakajibu, "Hawa wafugaji wakishindwa kulipa husingizia." Mama Florence, aliyeketi kando ya Shangazi kwa miaka sita, aliivuta meza yake kidogo, upana wa mkono mmoja tu. Lakini kila mtu aliona.

Darasani Kadii alimgeukia Mumina. "Shangazi yako anamwita baba yangu mwizi mbele ya soko zima. Wewe ndiye uliyesoma. Baba yangu ni mwizi?"

Mumina alitazama daftari lake.

"Nakuuliza."

"Sijui," Mumina alisema kwa sauti ndogo.

Kadii alikusanya vitabu vyake polepole, akaenda kuketi dawati la nyuma.

Naibu wa chifu, Bi Pauline, alipoyasikia maneno ya "hawa" na "hawa", hakungoja yakue. Garsen ilikwisha kuona maneno ya namna ile yakianza na jambo dogo na kuishia kwa mapigano. Aliwaita wote Jumatano, baada ya sala ya alasiri, pale pale kwenye jimu. Viti havikutosha, kwa hiyo yeye mwenyewe aliketi juu ya benchi la kunyanyulia vyuma, miguu pamoja, faili mapajani. Vijana wa mazoezi walisimama ukutani. Kadii alikuwa nyuma ya baba yake. Wanawake wa sokoni walijaa mlangoni, wauza maziwa upande huu, wauza mboga upande ule.

Shangazi alikuja na Msahafu umefungwa kwa kitambaa cheupe.

"Mimi sijui kusoma," alisema, "lakini Mungu namjua. Nimetia udhu. Nitaapa hapa kwamba karatasi hii ilisema ukichoka unaacha, kwa sababu mtoto huyu aliisoma, na neno lake ni neno langu."

Akaanza kufungua kitambaa. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likakaza kidogo, akalishika kwa kucha.

Kudanganya juu ya karatasi ni jambo moja. Kumwacha Shangazi aweke mkono juu ya Msahafu kwa uongo asioujua, hilo lilikuwa jingine kabisa.

"Shangazi, usiape."

Watu wote waligeuka. Shangazi alibaki na kidole kwenye fundo.

"Sikuisoma," Mumina alisema, machozi yakimtoka. "Aya ya tano ilinishinda. Lori lilikuwa linaondoka, na nyote mlikuwa mnanitazama, nikaona haya kusema sijui. Nikatunga. Baba yake Kadii hakudanganya. Ni mimi."

Shangazi alilikaza tena lile fundo la pili, kisha la kwanza, taratibu, kana kwamba anamfunika mtoto aliyelala. Alipozungumza sauti yake haikupanda.

"Siku ngapi umejua?"

"Siku nne."

"Siku nne ninamwita mtu mwizi, na wewe unajua."

Kwa Mumina, kofi lingekuwa afadhali.

Bi Pauline alikohoa. "Basi aya ya tano tumeisikia. Ya sita inasemaje, Mumina?"

"Sijui. Sikuendelea."

"Mwaringa, ya sita inasemaje?"

Mwaringa alijikuna kisogo. "Kusema kweli, Bi Pauline, hata mimi niliishia hiyo ya tano. Ndiyo iliyonipendeza."

"Karatasi si yako?"

"Kijana wa saiba, pale kwenye kompyuta za kukodi, aliitoa kwenye mtandao. Ni ya jimu fulani ya mji mkubwa. Tulibadilisha jina tu."

Kuna aliyecheka mlangoni, akajizuia. Bi Pauline alimpa Mumina karatasi. "Njoo uketi hapa. Utasoma yote, kwa Kiswahili, watu wote wasikie. Ukifika usipopajua, unasema sipajui. Mimi niko hapa, nitakusaidia. Hakuna lori leo."

Mumina alifuta uso, akasoma. Mara saba alisimama akasema, "Hapa sipajui," na mara saba Bi Pauline aliinama wakasaidiana. Ajabu ni kwamba mara ya kwanza ilikuwa ngumu kama kumeza mwiba, na ya saba ilikuwa rahisi.

Aya ya nane aliisoma mara mbili, kwa sababu hakuamini. "Mteja ambaye kazi yake inamhamisha, au ambaye hakupata huduma aliyoahidiwa kwa siku kumi na nne mfululizo, anaweza kutoka siku yoyote bila kudaiwa kitu."

Macho yote yalikwenda kwenye mashine ya kutembea, mkanda wake ukining'inia kama ulimi. Wiki tatu sasa.

"Kwa hiyo," alisema Shangazi polepole, "mlango ulikuwa wazi."

"Ulikuwa wazi wiki nzima hii, Mama," alijibu Bi Pauline. "Hakuna aliyefika kuusukuma. Endelea, Mumina."

"Aya ya tisa. Mteja ana haki ya kutumia bwawa la kuogelea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi."

Shangazi aligeuka. "Bwawa langu liko wapi, Mwaringa? Miezi miwili nimelipa maziwa, sijalowa hata kidole."

Mwaringa alinyoosha mkono kuelekea mtoni. "Labda lile pale, Mama. Ila mamba walijiandikisha kabla yako."

Hapo kicheko kilipasuka, upande huu na upande ule wa mlango, na kilipokwisha pande zenyewe zilikuwa zimechanganyika kidogo. Mwaringa alisimama. Alisema kwamba hata bila aya ya nane, saa za wanawake alizoahidi hakuzitunza, na hilo lilikuwa kosa lake. Shangazi naye alisema mwana wa watu si mwizi, na kwamba kesho atayasema hayo sokoni, kwa sauti ile ile aliyotukania.

"Na wewe utakuja nami," alimwambia Mumina.

Alhamisi asubuhi, kabla ya shule, walipita meza kwa meza. Kila penye mtu, Mumina alisimama akasema, "Mwaringa hakudanganya. Mimi ndiye niliyesoma vibaya." Meza zilikuwa kumi na nne. Walipofika kwa Mama Florence, yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinua ncha ya meza yake, akairudisha mahali pake pa zamani.

Mchana ng'ombe wa Baba Huka walipita wakitimua vumbi, na Dima akaingia katikati yao na ndama wake kisigino kwa kisigino. Darasani, Kadii alirudi na vitabu vyake dawati la mbele.

"Sogea," alisema. "Umeenea dawati zima."

Shangazi hakuacha kutembea. Kila asubuhi alifuata malka, ile njia pana ya mifugo kwenda mtoni, akaenda mpaka karibu na maji na kurudi. Mama Florence alijiunga naye, kisha wauza maziwa wawili, na Mumina siku za Jumamosi. Hapakuwa na pazia wala kioo, na walifika walikokuwa wakienda.

Baada ya miezi mitatu nesi alimpima tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Alimpa dawa kidogo za kuendelea nazo, na ndani ya kisanduku mlikuwa na karatasi yenye maandishi madogo. Wakiwa nje ya kliniki, Shangazi alimpa Mumina.

"Soma, macho yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ya jimu. Mumina alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasimama.

"Shangazi, hapa sipajui."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliwatazama. Shangazi hakuonyesha kuona haya hata kidogo. Alimshika Mumina mkono.

"Sasa ndiyo nitakuamini," alisema. "Hakuna macho yanayoona kila kitu, mwanangu. Hata ya mwewe hayaoni usiku. Nilijiumiza mwenyewe kukusifu kana kwamba yapo, nikakufanya uogope kukosea. Lakini sikia. Kutojua si aibu, dawa yake ni kuuliza. Uongo wa kuficha kutojua ndio uliotufunga sote, mimi, Mwaringa, Dima, na hata Florence na meza yake. Ukifika penye giza, sema hapa pana giza, nami nitakushika mkono tuvuke pamoja."

Kisha wakageuka, wakarudi ndani kumwuliza nesi.